Kivinjari Kinapogoma Kazini: Kusoma Dalili Kabla ya Kuzima Kinga

Karibu kazi zote za ofisi siku hizi hupita ndani ya kivinjari: ankara, mishahara, barua pepe, marejesho ya kodi, benki, hata mahudhurio ya wafanyakazi. Kinapokataa kufungua ukurasa, kazi husimama, na anayeitwa kusaidia hujikuta akisukumwa aondoe kero kwa njia ya haraka kuliko zote, ambayo mara nyingi ni kuzima ileile kinga iliyotoa onyo. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya msimamizi wa mifumo katika kampuni ndogo au ya kati, yule ambaye pengine ndiye idara nzima ya TEHAMA, na unashikilia msimamo mmoja: onyo la kivinjari ni ushahidi, na ushahidi husomwa kwanza.

Tenganisha kabla ya kugusa

Mtumiaji akisema "mfumo haufunguki", bado hajakueleza tatizo. Muulize haufunguki kwa nani, kwenye mashine ipi, kwa mtandao upi, na tangu lini. Kisha fungua ukurasa uleule katika dirisha la Hali Fiche. Ukifunguka vizuri, sababu iko kwenye vidakuzi (kumbukumbu ndogo ambazo tovuti huziweka kwenye kivinjari), akiba ya kivinjari au kiendelezi, kwa kuwa dirisha hilo huanza bila vidakuzi vya zamani na huzima viendelezi vyote isipokuwa vile ambavyo mtumiaji aliviruhusu mwenyewe. Ukigoma vilevile, jaribu kivinjari kingine kwenye mashine hiyohiyo, halafu mashine nyingine katika mtandao huohuo, na mwisho simu iliyozimwa Wi-Fi inayotumia bando lake. Simu hiyo ni shahidi mzuri kuliko wote, kwa sababu haipiti kwenye ruta ya ofisi, haina programu ya kampuni ya kuzuia virusi, wala haina viendelezi vya mhasibu. Ikionyesha hitilafu ileile, acha kuihangaikia kompyuta iliyo mbele yako na ugeukie seva.

Andika saa ya tukio kwa uangalifu, maana hapa watu hupotezana sana. Mhasibu anayesema mfumo ulimtoa "saa nne asubuhi" anazungumzia saa 10:00 ya Afrika Mashariki, ilhali seva nyingi huandika kumbukumbu zake kwa saa ya kimataifa ya UTC, ambayo iko nyuma kwa saa 3, kwa hiyo tukio lake utalikuta kwenye mistari ya 07:00. Nimeona watengenezaji wa mifumo wakijibu kwamba "hakuna hitilafu yoyote kwenye kumbukumbu" kwa sababu tu walitazama saa isiyo yake.

"Muunganisho wako si wa faragha"

Chini ya onyo hili kuna msimbo mdogo wa kijivu ambao watu wengi hawausomi, na ndio unaobeba jibu. NET::ERR_CERT_DATE_INVALID maana yake ni kwamba tarehe hazikubaliani: ama cheti cha tovuti, yaani hati ya kidijitali inayothibitisha kwamba tovuti ndiyo yenyewe, kimeisha muda, ama saa ya kompyuta imekosea. Kuzitofautisha si kazi, kwani saa ikiwa ndiyo mbovu, tovuti karibu zote hukataa kwa mpigo mmoja. Katika ofisi zenye kompyuta za mtumba, sababu ya kawaida ni ile betri ndogo ya CR2032 iliyo kwenye ubao mama: ikishakufa, kila umeme unapokatika mashine huamka ikiwa na tarehe ya miaka iliyopita. Ukirekebisha saa bila kubadilisha betri, onyo litarudi mgao wa umeme unaofuata, na mtumiaji ataapa kwamba mtandao umeingiliwa. Badilisha betri, kisha hakikisha Windows inachukua saa yake kutoka mtandaoni.

Kama ni cheti cha tovuti yako ndicho kilichoisha, kukihuisha ni jambo la dakika chache. Lenye uzito zaidi ni kujua kwa nini hakuna aliyeona likija. Ukomo wa maisha ya vyeti umekuwa ukipunguzwa kwa makusudi. Tangu Septemba 2020 vivinjari havikubali cheti kipya cha umma cha zaidi ya siku 398, na mwezi Aprili 2025 jukwaa la CA/Browser Forum, linalowakutanisha watoa vyeti na watengenezaji wa vivinjari, lilipitisha ratiba inayoushusha ukomo huo hadi siku 200 kuanzia 15 Machi 2026, siku 100 kuanzia 15 Machi 2027, na siku 47 kuanzia 15 Machi 2029. Wakati huohuo Let's Encrypt, ambao vyeti vyao vya siku 90 vinatumiwa na wenye tovuti wengi kwa sababu ni vya bure, waliacha mwaka 2025 kutuma barua pepe za kukumbusha kwamba cheti kinakaribia kwisha. Kampuni inayohuisha cheti kwa mkono kila mwaka, kwa kutegemea kumbukumbu ya mtu mmoja, itaumbuka. Weka uhuishaji wa kujiendesha, na uweke pia ukaguzi wa nje unaotazama tarehe ya cheti kila siku, maana mitambo ya kujiendesha nayo hukwama kimyakimya.

Msimbo wa NET::ERR_CERT_COMMON_NAME_INVALID husema kwamba cheti ni kizuri ila kimetolewa kwa jina jingine. Mara nyingi anwani yenye www imo ndani ya cheti na isiyo na www haimo, au kinyume chake, au kampuni imehamia kwa mwenyeji mwingine wa tovuti na anwani bado inaelekea kwenye seva ya zamani.

Unaohitaji utulivu zaidi ni NET::ERR_CERT_AUTHORITY_INVALID, unaosema kwamba aliyetoa cheti hatambuliki. Bofya onyo, fungua maelezo ya cheti na usome jina la mtoaji. Ukikuta jina la programu yako ya kuzuia virusi au la kifaa cha ulinzi cha mtandao wa ofisi, ujue kwamba kifaa hicho hufungua mawasiliano yaliyofichwa ili kuyakagua, na cheti chake hakijasakinishwa kwenye mashine hii; kisakinishe kwa njia rasmi au uiondoe tovuti hiyo, hasa ya benki, kwenye ukaguzi. Ukikuta jina la seva yenyewe, ni cheti ambacho seva imejitengenezea yenyewe, kama vile vya printa, kamera na mifumo ya ndani yenye anwani za 192.168. Ukikuta jina usilolijua kabisa, na upo kwenye Wi-Fi ya hoteli au ya mkutano, funga ukurasa. Simu za Android za chini ya toleo 7.1.1 nazo huonyesha onyo hili kwa tovuti halali, kwa sababu hazina cheti-mzizi (cheti cha msingi ambacho kifaa hukiamini tangu awali) cha ISRG Root X1 kinachotumiwa na Let's Encrypt. Firefox husaidia katika simu hizo kwa kuwa hubeba orodha yake yenyewe ya vyeti-mizizi.

Ipo pia hali inayowachanganya hata wazoefu: ukurasa unafunguka vizuri kwenye kompyuta zote za ofisi, lakini aplikesheni ya simu inakataa, au taarifa za malipo kutoka kwa mtoa huduma wa pesa za simu hazifiki kwenye seva yako. Hapo kagua mnyororo wa vyeti. Seva inapaswa kutuma cheti chake pamoja na cheti cha kati kinachokiunganisha na cheti-mzizi. Chrome ikikosa cheti hicho cha kati huweza kukitafuta yenyewe, lakini programu nyingi za upande wa seva hazifanyi hivyo. Hukata mawasiliano tu. Msimamizi anayepima kwa kivinjari pekee ataapa kwamba cheti ni kizima. Dawa ni kusakinisha faili la mnyororo mzima kwenye seva, kisha kupima kwa amri ya openssl s_client. Kumwomba mtoa huduma, au mtengenezaji wa aplikesheni yako, azime uhakiki wa vyeti si dawa, maana baada ya hapo aplikesheni itakubali kuzungumza na yeyote anayejifanya kuwa seva yako.

Wafanyakazi waliozoeshwa kubofya "Endelea" kwa sababu mfumo wa ndani wa likizo huonyesha onyo kila siku, watabofya hivyohivyo siku onyo litakapotokea kwenye ukurasa wa benki. Ndiyo maana nashauri mifumo ya ndani ipewe vyeti halali hata kama haionekani mtandaoni; inawezekana kwa kumiliki jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti, na kulithibitisha kupitia rekodi za DNS, mfumo unaotafsiri majina ya tovuti kuwa anwani za seva. Ukishafanya hivyo, unaweza kutumia sera (mpangilio ambao msimamizi hukiwekea kivinjari) ya SSLErrorOverrideAllowed, inayoheshimiwa na Chrome na Edge, kuiondoa kabisa nafasi ya kubofya "Endelea".

Mteja analipa, anarudi, anakuta ametolewa kwenye mfumo

Malalamiko huja hivi: mteja ameingia kwenye akaunti yake, amejaza kikapu, amepelekwa kwenye ukurasa wa benki kuthibitisha kadi, amethibitisha, na aliporudishwa dukani amekutana na ukurasa wa kuingia upya. Pesa imekatwa, oda haionekani. Wewe ukijaribu, kila kitu kinakwenda sawa.

Chanzo mara nyingi ni kanuni ya SameSite, inayoamua kama kidakuzi kitumwe mtumiaji anapokuja kutoka tovuti nyingine. Tangu mwaka 2020, Chrome, na baadaye Edge, hukichukulia kidakuzi kisichotaja SameSite kana kwamba kimeandikwa Lax, yaani hakitumwi pale tovuti nyingine inapomrudisha mtumiaji kwako kwa njia ya POST, yaani kwa kutuma fomu; hutumwa tu kama amerudi kwa kiungo cha kawaida cha GET. Benki na watoa huduma wengi wa malipo hurudisha majibu yao kwa POST. Kivinjari kinafika kwenye seva yako bila kidakuzi cha kipindi, yaani kile kinachomtambulisha mtu aliyekwisha kuingia, seva haimtambui mteja, inamfungulia kipindi kipya kitupu.

Kwa nini basi wewe hulioni tatizo? Kwa sababu Chrome iliacha mwanya: kidakuzi kisichotaja SameSite, kilichotengenezwa ndani ya dakika 2 zilizopita, huruhusiwa kusafiri hata kwa POST ya namna hiyo. Mtengenezaji anayepima mfumo huingia, hubofya bidhaa ya kwanza na kulipa kwa kadi ya majaribio kabla dakika 2 hazijaisha. Mteja wa kweli huchagua, hulinganisha bei, huitafuta kadi, husubiri ujumbe wa namba ya siri wa benki. Ukitaka kuliona tatizo kwa macho yako, ingia, subiri dakika 5, ndipo ulipe.

Ushauri utakaoukuta kila mahali ni kuandika SameSite=None; Secure kwenye kidakuzi cha kipindi. Unafanya kazi, na ni mbaya, kwa sababu unaondoa kinga ileile inayozuia tovuti ya ulaghai kutuma maombi kwa jina la mteja aliyeingia kwako. Njia ninayoipendekeza ni ndefu kidogo. Ukurasa wa kupokea majibu ya benki usitegemee kipindi chochote. Upokee POST, uihakiki saini ya ujumbe, uitambue oda kwa namba yake ya marejeo, kisha umwelekeze mteja kwa GET kwenye ukurasa wa oda yake, ambako kidakuzi chake cha Lax kitatumwa kama kawaida.

Hapohapo kagua jambo zito zaidi ambalo dalili hii huelekea kulifichua: je, mfumo unaiandika oda kuwa imelipwa kwa sababu tu kivinjari kimerudi kwenye anwani ya "malipo yamefanikiwa"? Kama ndivyo, mtu yeyote anayeijua anwani hiyo anaweza kuiandika mwenyewe na kuchukua bidhaa bure. Uthibitisho wa malipo ni lazima utoke kwa seva ya mtoa huduma kwenda kwa seva yako. Kilichoonyeshwa na kivinjari cha mteja ni taarifa kwa macho ya mteja tu.

Dalili ya jirani ni mfumo uliopachikwa ndani ya fremu ya tovuti nyingine, tuseme dirisha la mazungumzo na wateja, ambao unafanya kazi Chrome na kukataa kwenye iPhone. Safari huzuia vidakuzi vyote vya upande wa tatu tangu Machi 2020. Hakuna mpangilio wa seva utakaolibadilisha hilo. Uhamishie mfumo huo kwenye kikoa kidogo cha tovuti yako.

Wateja wanapelekwa kwenye tovuti za kamari, ofisini hatuoni kitu

Malalamiko haya hupuuzwa kuliko yote, kwa sababu kila anayeyachunguza hurudi na jibu kwamba tovuti iko sawa. Msimbo wa aina hii hutengenezwa makusudi usionekane na mwenye tovuti.

Kisa cha polyfill.io kinaonyesha namna unavyofanya kazi. Ilikuwa huduma ya bure iliyotoa skripti za kuviwezesha vivinjari vya zamani kuelewa tovuti mpya, na watengenezaji wengi waliiunganisha kwa mstari mmoja wa msimbo wakaisahau. Februari 2024 kikoa chake kiliuzwa. Ilipofika Juni mwaka huo, watafiti walionyesha kwamba skripti hizo zilikuwa zikiwapeleka watumiaji wa simu za aina fulani kwenye tovuti za kamari, kwa saa fulani tu, kupitia anwani ya googie-anaiytics.com, ambayo ukiisoma haraka utadhani ni ya Google. Skripti ilinyamaza ilipomtambua msimamizi wa tovuti. Tovuti zaidi ya 100,000 zilikuwa zimeiunganisha.

Kwa hiyo usipime ukiwa ofisini, kwenye kompyuta, ukiwa umeingia kama msimamizi. Chukua simu yenye data yake, futa vidakuzi, itafute kampuni yako kwenye Google na uingie kupitia matokeo ya utafutaji, kwa sababu msimbo mwingine huwashambulia tu wanaotoka huko, rudia usiku. Ukiliona tatizo, una sababu mbili kubwa za kuzitenganisha: ama mfumo wa kuendeshea tovuti, mara nyingi WordPress yenye programu-jalizi iliyoachwa bila kusasishwa, umeingiliwa, ama skripti ya nje unayoipakia imegeuka. Fungua zana za msanidi kwa F12, nenda kwenye kichupo cha mtandao, na uorodheshe kila kikoa ambacho ukurasa wako unakiita. Kampuni nyingi hushangaa kukuta vikoa kumi na kitu ambavyo hakuna mtu ofisini anayeweza kueleza kazi yake. Kama malalamiko yanatoka kwa watu wa mtandao mmoja tu, achana na tovuti na ukague mipangilio ya DNS ya ruta yao.

Kwa kurasa za malipo, hatari ni kubwa kuliko kamari. Mwaka 2018 wavamizi waliongeza mistari 22 ya msimbo kwenye faili la JavaScript la tovuti ya British Airways. Kila mteja alipobofya kitufe cha kulipa, nakala ya taarifa za kadi yake ilikwenda kwenye kikoa cha baways.com, huku malipo yenyewe yakikamilika bila tatizo. Mteja hakuona dalili yoyote, kampuni hali kadhalika. Mwaka 2020 mdhibiti wa taarifa wa Uingereza aliipiga kampuni hiyo faini ya pauni milioni 20.

Kivinjari chenyewe kina silaha dhidi ya hili, nayo ni kichwa cha Content-Security-Policy, ambacho huorodhesha vikoa vinavyoruhusiwa kuleta skripti na vikoa ambavyo ukurasa unaruhusiwa kuvipelekea data. Kanuni ya connect-src iliyoandikwa vizuri, ikiambatana na nyingine kama img-src na form-action, hupunguza sana uwezo wa skripti kutuma data kwa kikoa ambacho hukukitaja, hata kama faili lililoharibiwa liko kwenye seva yako mwenyewe. Anza na toleo la Content-Security-Policy-Report-Only, linaloripoti bila kuzuia, uliache liende wiki kadhaa, kisha ndipo ukaze. Anayekaza siku ya kwanza huvunja ukurasa wake wa malipo na kulazimika kuiondoa sera yote kwa aibu. Kwa skripti za nje zisizobadilika, sifa ya integrity huhakiki alama ya faili kabla ya kuliendesha, ingawa isingefaa kitu kwa polyfill.io, kwa kuwa huduma ile ilitoa faili tofauti kwa kila aina ya kivinjari. Wanaopokea taarifa za kadi kwenye ukurasa wao wenyewe hawana hiari katika hili: tangu 31 Machi 2025, kanuni za usalama wa kadi za PCI DSS katika vipengele vya 6.4.3 na 11.6.1 zinadai orodha yenye sababu ya kila skripti ya ukurasa wa malipo na njia ya kugundua mabadiliko yake.

"Kinasimamiwa na shirika lako", na hakuna aliyekisimamia

Ukurasa wa kutafutia umebadilika, matangazo yanajaa, na kwenye menyu ya Chrome kuna maneno kwamba kivinjari kinasimamiwa na shirika. Kama kampuni yako haijawahi kuweka sera, andika chrome://policy kwenye upau wa anwani. Programu hasidi hupenda kutumia sera ya ExtensionInstallForcelist kusakinisha kiendelezi ambacho mtumiaji hawezi kukiondoa. Utakiona kimeorodheshwa hapo kwa kitambulisho cha herufi 32. Futa sera hiyo kwenye sajili ya Windows, kisha uitafute programu iliyoiweka, la sivyo itairudisha mashine itakapowashwa.

Arifa za pembeni mwa skrini zinazodai "kompyuta yako ina virusi vitano" ni jambo jepesi zaidi: mtu alibofya "Ruhusu" mahali fulani. Ondoa ruhusa hiyo katika mipangilio ya tovuti, na uzizime arifa kwa kampuni nzima kwa sera ya DefaultNotificationsSetting.

Viendelezi vinavyoaminika navyo hugeuka. Mkesha wa Krismasi wa 2024, mfanyakazi wa Cyberhaven, ambayo ni kampuni ya ulinzi wa data, alipokea barua pepe ya hadaa iliyojifanya kutoka duka la viendelezi la Chrome, akaidhinisha programu ya wavamizi kwenye akaunti ya kampuni, na toleo hasidi namba 24.10.4 likasambazwa kwa watumiaji bila wao kubofya chochote, kwa sababu viendelezi hujisasisha vyenyewe. Uthibitishaji wa hatua mbili ulikuwepo, lakini idhini ya namna ile haikuuomba. Kwa hiyo kuwaambia wafanyakazi "msakinishe viendelezi vizuri tu" ni maneno matupu. Weka alama ya * kwenye ExtensionInstallBlocklist, uruhusu vichache kupitia ExtensionInstallAllowlist, na uvumilie manung'uniko ya wiki ya kwanza.

Nenosiri limebadilishwa, mvamizi bado yumo

Akaunti ya barua pepe ya kampuni inatuma ankara zenye namba ngeni ya benki. Umebadilisha nenosiri, uthibitishaji wa hatua mbili umewashwa, na kesho yake ankara zinaendelea kutoka. Hapa mvamizi hana haja ya nenosiri. Ana kidakuzi cha kipindi, ambacho huiambia seva kwamba mtu huyu ameshathibitishwa. Machi 2023 chaneli ya YouTube ya Linus Tech Tips ilitekwa kwa njia hiyo, baada ya mfanyakazi kufungua faili lililojifanya PDF ya pendekezo la udhamini. Tangu toleo la 127 la Julai 2024, Chrome ya Windows hufunga vidakuzi kwa namna ngumu zaidi kuibwa, lakini watengenezaji wa programu za wizi walipata njia za kuizunguka ndani ya miezi michache.

Muulize mfanyakazi kwa upole alichofungua, na hasa kama kuna ukurasa uliomtaka "athibitishe kuwa yeye si roboti" kwa kubonyeza Windows na R, kisha Ctrl na V, kisha Enter. Ukurasa wa namna hiyo huwa umeshanakili amri kwenye ubao wa kunakilia, na mtumiaji huiendesha kwa mkono wake. Akiwa na hofu ya kukemewa atakuficha, na utapoteza siku nzima.

Utaratibu una mpangilio wake. Ukiwa kwenye mashine nyingine iliyo safi, toa vipindi vyote vya akaunti hiyo, badilisha nenosiri, futa programu ngeni zilizoidhinishwa, kisha kagua kanuni za kuelekeza barua pepe, kwa maana wavamizi hupenda kuacha kanuni inayozificha barua za benki kwenye folda isiyosomwa. Kompyuta iliyoambukizwa isafishwe kwa kusakinisha mfumo upya. Kubadilisha nenosiri ukiwa juu yake ni kumpa mvamizi nenosiri jipya. Kama taarifa za wateja zimevuja nchini Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka Kamishna ajulishwe ndani ya saa 72 tangu ulipofahamu, kwa hiyo saa ya ugunduzi nayo iandikwe.

Mifumo iliyokwama zamani

Mfumo unaodai Internet Explorer ufunguliwe kwa hali ya IE ndani ya Edge, ambayo Microsoft imeahidi kuitegemeza angalau hadi 2029. Internet Explorer 11 yenyewe ilistaafishwa 15 Juni 2022. Kompyuta za Windows 7 na 8.1 ziliishia Chrome 109, na kurasa zinazoonekana vibaya humo hazitatengemaa kwa kufuta akiba. Ukurasa mweupe kwa baadhi ya watu tu baada ya mfumo kusasishwa kwa kawaida ni akiba inayoita faili lililofutwa: Ctrl na F5 humsaidia mtu mmoja, lakini tiba ni kuiamuru seva isiruhusu ukurasa wa kwanza kuhifadhiwa, na kuyaacha mafaili ya toleo la zamani yakae kwa siku kadhaa.

Unapopeleka tatizo kwa mtengenezaji

Mpelekee anwani kamili, msimbo wa hitilafu kama ulivyo, toleo la kivinjari, saa pamoja na ukanda wake, na majibu ya yale majaribio ya mwanzo. Mara nyingi atakuomba faili la HAR, ambalo ni rekodi ya mawasiliano yote ya kivinjari na seva. Lishughulikie kama funguo za ofisi. Mwaka 2023 wavamizi waliingia kwenye mfumo wa msaada kwa wateja wa Okta, kampuni ya huduma za kuingia kwenye mifumo, wakachukua mafaili yaliyohusu wateja 134, na kwa tokeni za vipindi (alama za utambulisho kama vidakuzi vya kipindi) zilizokuwa ndani ya mafaili ya HAR waliweza kuteka vipindi vya wateja 5. Mlango wao ulikuwa nenosiri la akaunti ya huduma lililohifadhiwa kwenye akaunti binafsi ya Google, ambayo mfanyakazi aliifungua ndani ya Chrome ya kompyuta ya kazi. Sera ya RestrictSigninToPattern ipo kwa ajili ya kuzuia hilo hasa. Matoleo mapya ya Chrome huondoa vidakuzi kwenye HAR kwa chaguo-msingi, lakini Firefox na matoleo ya zamani yanahitaji uviondoe mwenyewe. Rekodi kwa akaunti ya majaribio isiyo na ruhusa kubwa, na ukimaliza kurekodi toka kwenye mfumo kwanza, ili tokeni iliyomo ife kabla faili halijaondoka kwenye kompyuta yako.